Mwenye Maiki Alijua Kunyamaza

Kwenye Hiace ya kutoka Bukoba mjini kwenda Kashozi, kijana aliyekaa siti ya mbele yangu alikuwa akitazama filamu ya kutafsiriwa kwenye simu, sauti juu, hana habari na mtu. Mimi nilisikia zaidi ya kuona. Mwanamke analia, jeneza linashushwa kaburini, na DJ anayetafsiri anatuambia kwamba marehemu amekufa na madeni ya bia ya mtaa mzima. Kisha akaongeza neno kuhusu makalio ya mjane. Kijana akacheka, na abiria wawili watatu wakacheka naye. Mzee mmoja mwenye kikapu mapajani aligeuzia uso dirishani, akatazama migomba mpaka tukafika.

Simlaumu kijana. Amekuzwa na sauti hiyo na hajui nyingine. Mimi nyingine naijua. Kashozi yetu ilikuwa na banda la video, banda lilikuwa na mtu wa maiki, na mtu yule alikuwa fundi. Tumezoea kumwita fundi anayeshika randa, cherehani au mwiko wa kupigia lipu. Yeye alishika maiki iliyofungwa mpira wa baiskeli ili isiachie nyaya, na kazi aliyoifanya kwa maiki ile haijaandikwa popote. Imebaki vichwani mwetu tuliokaa kwenye mabenchi yake, na sisi nasi tunapungua.

Mgeni wa Kashozi huonyeshwa kanisa kwanza, na ndivyo inavyostahili. Misheni ile ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892, ikiwa kongwe kuliko zote za Kikatoliki katika Kagera, na mle ndimo alimolazwa Kardinali Laurean Rugambwa alipofariki Desemba 1997, mpaka mwili wake ulipohamishiwa kanisa kuu la Bukoba mwaka 2012. Banda la video halikuwa mbali na hapo, ingawa mapadre wangependa liwe mbali zaidi. Lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa. Ndani kulikuwa na mabenchi, TV ya chogo, deki na spika mbili. Jenereta ilikaa nje nyuma ya migomba ili kelele zake zisitushinde. Mlangoni aliketi mama mmoja mwenye vifurushi vya akamwani, kahawa yetu ile ya kutafuna. Ukishalipa kiingilio ulinunua na punje zako, ukaingia nazo gizani.

Mvua ya Bukoba haiombi ruhusa. Ikianza kupiga bati, mkanda wa kawaida ungekuwa umekwisha, maana hakuna spika ya kushindana nayo. Hapo fundi wetu aliacha kutafsiri mazungumzo, akaanza kuigiza kwa mikono na uso, akisimama pembeni ya TV, na pale mvua ilipovuta pumzi alituuzia sentensi moja iliyobeba dakika tano tulizozikosa. Sentensi moja tu. Nimewasikia watangazaji wengi wa mpira tangu siku zile, wengine wamesomea kazi hiyo, na sijamsikia aliyejua kufupisha namna ile.

Ufundi wenyewe aliupata wapi? Upande wa Uganda watu walikuwa wameshaanza kutafsiri filamu kwa Kiganda katika vibanda vya Kampala tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mtu wa Bukoba hahitaji paspoti ili apate habari za Masaka. Dar es Salaam nako alikuwapo Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisafiri kwenye mikanda na baadaye kwenye diski hadi maduka ya mikoani. Tukirudi nyuma zaidi, kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu wenye makao Vugiri, huko milima ya Usambara, wakizungusha sinema vijijini na kuzitilia maelezo kwa lugha za wenyeji. Lakini sidhani kama mtu wetu alijua lolote kuhusu Vugiri. Alichokijua ni hadithi za jikoni kwa bibi yake, na nitalifikia hilo.

Mkanda uliompima kuliko yote ni ule tuliouita mkanda wa chupa. Ulimwengu unaujua kwa jina la The Gods Must Be Crazy, kazi ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980. Msomaji wa rika langu anaukumbuka: rubani anatupa chupa ya Coca-Cola kutoka kwenye ndege, inaangukia Wasani jangwani Kalahari, inawaletea ugomvi ambao hawakuwahi kuujua, na Xi anaibeba kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Xi aliigizwa na N!xau, Mnamibia aliyefariki mwaka 2003, ambaye malipo yake kwa filamu ile yamebaki kuwa gumzo mpaka leo.

Ni filamu ya ajabu, na nasema hivi nikiwa naipenda. Ina filamu tatu ndani ya moja na hazisikilizani. Ya kwanza ni ya Xi na chupa yake, inayotaka upole. Ya pili ni ya Andrew Steyn, mtafiti wa mavi ya wanyama, ambaye kila akimwona mwalimu Kate anajikwaa, anaangusha, anavunja, na gari lake la Land Rover halina breki. Hiyo ni vichekesho vya kuanguka. Ya tatu ni ya waasi wa Sam Boga, wanaovamia kikao cha baraza la mawaziri kwa bunduki, kisha wanateka watoto wa shule. Hiyo ni vita. Uys alizimimina zote chungu kimoja akakoroga. Picha alizikimbiza, watu wakawa wanatembea harakaharaka kwa mtindo wa sinema za kale zisizo na sauti, hata mahali ambapo risasi zinalia. Unacheka, kisha unajiuliza umecheka nini. Humo humo kuna msimuliaji wa Kiingereza anayewaeleza Wasani jinsi mtu anavyoeleza ndege wa mbugani. Na yote hayo yametoka Afrika Kusini ya makaburu, wakati Namibia ya kina N!xau ikiwa chini ya utawala wao.

Mtu wetu wa maiki hakuwa na habari za siasa za Uys, wala hakuzihitaji. Alisikia kwa sikio kwamba mkanda una walakini, akaurekebisha. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpunguza sauti yule msimuliaji wa Kiingereza mpaka akabaki mnong'ono. La pili, alimpa Xi jina la kwetu, Kaijage, na tangu hapo Kaijage hakutamka neno la kijinga hata moja. Vituko vyote vilimpata, lakini kinywani mwa fundi wetu alikuwa mtu mzima mwenye adabu aliyepita katika nchi ya watu wasio na adabu. Watazamaji mwanzoni walinung'unika: steringi gani huyu hapigi mtu? Fundi akawajibu bila kutoka kwenye mkanda, kwa sauti ya Kaijage mwenyewe, kwamba ngumi amewaachia wenye haraka. Safari ya kwenda mwisho wa dunia aliihesabu kwa vituo vyetu: ameondoka Bukoba, amevuka daraja la Kyaka, sasa anaitafuta Mutukula. Watu waliokumbuka majeshi ya Amin yalivyoingia mwaka 1978, na jinsi daraja lile lilivyovunjwa, walicheka kwa namna yao, ya watu waliolipa kiingilio cha kicheko hicho zamani.

Sasa nije kwenye mbuzi. Njaa inamshika Xi njiani, anaona mbuzi, anafyatua mshale na kukaa kitako kumsubiri alale. Kwetu Kashozi mbuzi wa mtu ni jambo zito, na fundi alilijua soko lake. Kwa sauti ya mchungaji mdogo alipiga ukunga: "Baba, kuna mgeni anachinja na bei hajauliza!" Banda likalipuka. Kaijage kwa upole wote akamkaribisha mtoto akae, nyama ipo ya kutosha. Akaja askari, akamtwaa mbuzi, na Kaijage akasikitika moyoni: "Mzee mzima na kofia yake, lakini pupa ya nyama imemsahaulisha hata salamu." Wapo waliotoka nje kwa kucheka. Mama wa akamwani alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

Kisha askari akampiga risasi ya mguu.

Uys, kwa maoni yangu, hapo alishindwa. Mtu amepigwa risasi kwa kosa asilolijua, na filamu bado ina kicheko mdomoni. Nasi banda zima tulikuwa bado tunaendelea na kicheko cha mwanzo, kile kinachojiendesha chenyewe kwa kuwa hakijapata breki. Fundi alishusha maiki akailaza mapajani. Hakusema tunyamaze, wala hakusema masikini. Alikaa tu. Jenereta ikasikika nje kwa mara ya kwanza tangu mkanda uanze. Vicheko viliendelea kidogo, kimoja hapa kimoja pale, kila kimoja kikijikuta peke yake kikaona haya. Sijui ukimya ule ulichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu aliyegeuka kumtazama. Sote tulikuwa tunamtazama Kaijage.

Aliporudi, alirudi kwa njia ambayo hakuwahi kuitumia. Mahakamani, katika filamu, Xi anasimamishwa mbele ya hakimu na anatafsiriwa na M'pudi, mtu aliyewahi kuishi na Wasani. Fundi wetu akamfanya hakimu aseme Kiswahili cha serikali, kile kikavu cha mashtaka na vifungu, na Kaijage akamfanya aseme Kihaya. Katikati M'pudi anahangaika kuvusha maneno kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine, na mengi yanadondoka njiani. Wazee waliokaa mabenchi ya nyuma, ambao baadhi yao waliwahi kusimama mbele ya baraza kwa kesi ya mpaka wa kibanja, wakaacha kutafuna. Hakimu alipotamka miezi mitatu jela, fundi alilisema kwa Kiswahili, na kwa Kihaya hakulisema. Kaijage akabaki anatabasamu, anasubiri aambiwe. Mlangoni yule mama akasema, "Jamani, mpeni hata maji huyo mtu."

Filamu yenyewe haikutupa nafasi ya kumlilia. Baada ya muda mfupi ilikuwa imesharudi kwenye vituko vyake. Fundi aliviacha vituko vya kwanza vipite bila neno, akatuacha tumeze kwanza. Alipoona mabega yameshuka na mtu mmoja amekohoa, alitupa utani mdogo kabisa, wa kuupima ulimwengu kama bado upo. Tukacheka, na kicheko kile kilikuwa na uzito ambao cha mwanzo hakikuwa nao.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Kuchekesha wengi wanaweza. Kazi ni kujua kicheko kikate wapi, na kikishakatwa, kirudishwe lini.

Sisi watu wa Kagera tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, ambayo leo iko Muleba, wanafunzi watatu walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Kicheko kikaenea hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, nacho kikafuatana nao: Nshamba peke yake kilishika watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta sumu wala vijidudu. Walikuta watu wanaocheka na kulia, wakitulia kisha wakirudiwa, wengine kwa siku kadhaa. Dunia imekifanya kisa hiki kuwa kichekesho cha kusimuliana, lakini wazee wetu hawakisimulii hivyo. Wasichana wale hawakuwa na furaha. Walikuwa na kicheko kisicho na mtu wa kukishika.

Nami sitaacha kutaja sadfa moja, msomaji aifanye atakavyo. Siku nane kabla ya kicheko cha Kashasha kuanza, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Kawawa. Kawawa, miaka ya 1950, alikuwa nyota wa filamu. Aliigiza katika Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayepambana na ujanja wa mjini, mojawapo ya filamu za mwanzo za kuchekesha nchini kwetu. Nchi ikawa mikononi mwa mtu aliyewahi kuifanyia kazi mizani hii ya kicheko na kimya mbele ya kamera. Labda ndiyo maana alijua kukaa kimya inapobidi, sifa ambayo wanasiasa waliomfuata hawakuigombania sana.

Kwa nini mtu wa maiki wa Kashozi aliiweza mizani ambayo Uys, mwenye kamera na fedha, ilimshinda? Jibu langu ni alivyokaa. Kigoda chake kiliwekwa ubavuni mwa TV, si mbele yake wala nyuma yetu. Jicho moja lilikuwa kwenye kioo, jingine lilikuwa kwetu. Alituona. Na miaka ile kutuona sisi lilikuwa jambo kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata Kagera ilizika mpaka mikono ikachoka. Zilikuwapo nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu, na zilikuwapo nyumba zilizobaki na migomba tu. Mei 21, 1996 ikazama meli ya MV Bukoba, ikaenda na mamia ya watu, na hakukuwa na kijiji ambacho hakikuwa na jina la kuliulizia. Watu hao hao ndio waliokaa kwenye mabenchi. Benchi la pili alikuwapo kijana aliyemzika kaka yake wiki ile. Amekuja kwa sababu nyumbani hakukaliki. Fundi alimjua. Msibani alikuwapo pia, alibeba maji. Siku kijiji kina maiti ndani, jenereta yake haikuwashwa hata kama mkanda mpya umefika kutoka mjini. Basi alipofika kwenye picha ya kaburi au ya mtu anayeaga, hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba hapa pana jirani yake.

Ndipo ninaporudi kwa bibi yake. Hadithi za Kihaya huanza na msimuliaji kusema alifika akaona, nao wasikilizaji humjibu: ona, ili nasi tuone. Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi hizo kwetu, alichukua kiitikio hicho akakipa kitabu chake cha mwaka 1980 kiwe jina. Bila kiitikio, hadithi haiendi. Msimuliaji anaona kwa niaba ya watu walio mbele yake, na wao wanamwonyesha nyusoni amewaonyesha nini. Banda la video lilikuwa jiko lile lile, moto umebadilishwa kuwa TV. DJ anayerekodi peke yake chumbani Dar es Salaam, kisha sauti yake inasafiri kwenda kwenye simu laki moja, anaona kwa niaba ya nani? Hakuna anayemwitikia. Akitania kwenye jeneza, hakuna kicheko kitakachoona haya mbele yake. Si kwamba ana roho mbaya. Ameketi akiwa amempa mgongo kila mtu.

Ugonjwa huo umeingia hata kwenye filamu zetu wenyewe. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alitokea jukwaani, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumzomea. Ndiyo maana alikuwa na uso ule, unaoweza kuchekesha na papo hapo ukakukumbusha baba yako akiwa hana nauli. Lakini mara ngapi tulimwona ametumbukizwa kwenye filamu iliyotengenezwa harakaharaka, ambapo mtoto anaumwa hoi chumbani na sebuleni mtu anateleza kwenye ganda la ndizi, na mhariri hakujali kuweka hata pumzi moja kati ya vyumba hivyo viwili? Majuto alijitahidi kuubeba mzani kwa mabega yake peke yake. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018, na nchi ikalia kwa sababu ilijua imecheka kwa mkopo. Josiah Kibira, Mhaya aliyefanyia filamu zake Minnesota, alitoa Bongoland mwaka 2003 kuhusu Mtanzania anayehangaika Marekani, kisha mwaka 2005 akatoa Tusamehe, inayohusu UKIMWI. Unaona mtu anayeitafuta mizani hiyo hiyo, kutoka mahali pale pale. Kazi kama hizo ni chache, na maduka hayakuzipenda sana.

Majirani zetu Waganda wametuonyesha ukomo wa jambo hili. Mwaka 2010, huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyogharimu fedha kidogo kuliko harusi ya kawaida. Kisa chenyewe ni cha majonzi: kapteni ameuawa, na ndugu yake anataka kulipiza. Lakini toleo lililoizunguka dunia kwenye intaneti lina juu yake sauti ya mtu wa maiki wa kwao, VJ Emmie, anayeshangilia, anayetania na kujisifu kutoka mwanzo hadi mwisho, na lile lisilo na sauti yake limepotea. Nimeitazama na nimecheka mpaka mbavu zikauma. Ni kazi ya kipaji, na Emmie hakuficha kwamba yeye anauza shangwe. Hata hivyo kapteni hakupata dakika yake. Filamu inakwisha hatujaambiwa nani amemuua, na jambo la kusikitisha ni kwamba watazamaji wengi hawakumbuki kuuliza. Kicheko kimekula swali.

Najua yatakayosemwa dhidi ya mtu wangu. Hakumlipa Uys hata senti. Mikanda yake haikuwa na kibali, na waigizaji wa Bongo Movie walioingia Kariakoo mwaka 2017 kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela walikuwa na madai ya haki. Sibishani. Nasema tu kwamba sheria ilipokuja kumtafuta mwizi wa mkanda, haikuuliza habari za fundi wa sauti, na wote wawili wakaondoka pamoja. Banda la Kashozi sasa linaonyesha mpira wa Ulaya, na mbele yake kuna kidirisha cha kubeti. Vijana wanajua majina ya mabeki wa London kuliko ya mito yao. Hakuna anayenyamaza mle ndani isipokuwa aliyeliwa pesa.

Ninachoomba ni kidogo. Ninyi mnaotafsiri filamu leo, na wengine mna sauti nzuri kuliko ya mzee wetu, msirekodi peke yenu. Wekeni mbele yenu watu kumi wa rika tofauti, mama mjane awe mmoja wao, mtafsiri huku mkiwatazama. Waandishi na wahariri wa vichekesho vyetu, wapeni watazamaji pumzi kati ya kilio na kituko, haina gharama. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha ngoma na maigizo, na Bodi ya Filamu husimamia mikanda. Kati yao hakuna anayeshindwa kuwatafuta watu wa maiki wa zamani waliobaki Bukoba, Muleba, Karagwe na kwingineko, kuwaketisha ubavuni mwa TV mbele ya watu, na kuwarekodi wakifanya kazi yao. Wengi wamevuka miaka sitini. Wenye uwezo wa kufanya hivyo wafanye mwaka huu, wasisubiri kuwasifu kwenye matanga.